Hukulelewa Hapa Tu, Gaudensi

Gaudensi mwanangu,

Nimekaa kwenye chumba cha cherehani, mlango nimeuegesha. Nakusikia huko nje, wewe na wenzako mnafunga sanduku lako la vifaa, na Shafii anakuambia kamba hiyo ni ya kufungia mbuzi, si ya kufungia msumeno. Mnacheka. Nilitaka kutoka nije nikuambie haya kwa mdomo. Nilisimama, nikakaa tena. Mdomo umekataa, kwa hiyo naandika. Barua nitaiweka ndani ya lile sweta la kijivu, kwa sababu nakujua: kabla hamjafika Namtumbo utakuwa unatetemeka na utalitafuta.

Sitaandika habari za chandarua, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala kujihadhari na marafiki wa siku ya mshahara. Hayo unayajua. Wewe ndiye uliyekuwa unawakumbusha wadogo hapa kituoni. Naandika kwa sababu ya neno moja ulilolisema leo mchana, ambalo hukujua kwamba nimelisikia.

Nilikuwa nyuma ya ua wa matete nachambua maharage. Yule kijana wa mkandarasi anayewapeleka kujenga nyumba za walimu huko Mbesa akaja na pikipiki yake, akakuita getini.

"Fundi, kesho alfajiri stendi. Ukichelewa tunakuacha, Mbesa utakwenda kwa miguu."

"Nitawakuta nyie ndo mmelala," ulimjibu.

Mkacheka. Kisha nikamsikia anasema, "Kumbe ndo hapa kwenye kituo cha yule mzee aliyefariki. Pole sana. Wewe ndo mtoto wake, eti?"

"Hapana, kaka. Mimi nimelelewa hapa tu."

"Aa, samahani. Nimeona picha yake pale ofisini kwenu, nikadhani. Masikio ni haya haya."

"Hapa tunafanana wengi," ukasema.

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningejua la kufanya. Hasira za vijana nimezizoea, nimeishi nazo miaka yote. Ulisema kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Yule kijana akawasha pikipiki yake, wewe ukarudi kwenye randa yako, mimi nikabaki na ungo mapajani. Nilipojitambua nilikuwa nimeyachanganya tena maharage mabovu na mazima, na sikukumbuka nimefanya hivyo saa ngapi.

Gaudensi, mimi ndiye niliyekuzaa. Tazama, naandika sentensi hiyo kana kwamba kuna mtu anabisha. Uchungu ulinishika msimu wa mvua, tukiwa bado tumepanga kule Bombambili, nikiwa napika uji wa kijana wa kwanza kabisa ambaye baba yako alimchukua kumfundisha kazi. Tulipokutoa hospitali hatukuwa na kitanda cha mtoto. Baba yako alichukua sanduku la mbao, akalijaza maranda laini ya mninga, akatandika khanga yangu juu. Ukawa unalala humo pembeni ya benchi lake. Nywele zako zilinukia mbao mpaka ukaanza kutembea. Wanawake kanisani walikuwa wakikushika wananiuliza, "Huyu mtoto unamwogesha na nini?"

Kwa hiyo hukulelewa hapa tu. Na kosa la wewe kudhani hivyo si lako. Ni la kwetu, la baba yako na mimi, na yeye hayupo tena wa kulisema, nimebaki mimi.

Bado sijazoea kwamba hayupo. Watu wanasema wanawake wajane hulia usiku. Mimi sijalia sawasawa, nimeduwaa tu. Nikipita karakana bado nanyamaza kidogo kama zamani, nisimkatize. Siku ile asubuhi alikunywa uji, akamgombeza Shafii kwa kuacha patasi chini, akakaa kwenye benchi akaegemea ukuta, akasema, "Ngojeni nipumzike kidogo." Ninyi mkadhani amesinzia. Mkaendelea kupiga randa polepole, taratibu, msimwamshe. Nilipokuja kuuliza mbona leo karakana imetulia hivi, ukaweka kidole mdomoni: "Mwalimu amelala." Wewe, mtoto wake, ulinyata pembeni ya baba yako aliyekwisha kufa ukamwita Mwalimu. Wakati ule sikuliona hilo. Niliona uji uliobaki kwenye kikombe chake, nikafikiri, mbona leo hajamaliza.

Sasa nikueleze neno "Mwalimu" lilitoka wapi, maana ulikuwa mdogo na huwezi kukumbuka vizuri.

Ulikuwa na kama miaka minne. Tulikuwa tumehamia hapa Ruhuwiko, vijana wakiwa wachache, na Sixbert alikuwa ameletwa wiki ile ile. Unamjua Sixbert alivyo leo, fundi mkubwa mwenye tumbo na watoto. Wakati ule alikuwa mtoto mkavu kama fito, aliyelelewa kwa mjomba wake baada ya wazazi kufa, na mjomba akamchoka. Jioni hiyo tulikuwa tunagawa ugali na dagaa. Baba yako akaingia kutoka karakana, wewe ukamkimbilia, ukamng'ang'ania mguu, ukapiga kelele, "Baba! Baba amekuja!" Akakubeba juu, ukacheka. Nilipogeuka, Sixbert alikuwa ameweka sahani yake chini na hayupo.

Baba yako alimkuta nyuma ya stoo ya mbao. Akamuuliza kwa nini hali. Yule mtoto akasema, "Mwenye baba ale kwanza."

Basi. Maneno hayo tu. Baba yako alirudi uso umebadilika. Unajua yeye naye alikua bila baba, akasomeshwa useremala na wamisionari, na alikuwa na kidonda chake ambacho hakukionyesha mtu. Tulipoingia kulala aliniambia, "Anatolia, tumemuumiza yule mtoto. Kuanzia kesho hapa hakuna mtoto wa mtu. Wote ni sawa."

Nikamuuliza, "Na Gaude?"

"Na Gaude."

Nilikubali. Nataka ujue kwamba sikulazimishwa. Niliona ni jambo zuri, hata la kitakatifu. Nilimwona mume wangu ana moyo mkubwa, nikataka na wangu uwe mkubwa kama wake. Kesho yake tukakuweka katikati yetu kitandani tukakufundisha: huko nje ni Mwalimu na Mama Mlezi, kama wenzako wanavyosema. Humu chumbani unaweza kuita baba na mama. Ulielewa haraka. Ulikuwa mtoto wa kuelewa haraka, nadhani ndiyo maana tuliendelea kukuongezea.

Ulipofika umri wa kuanza shule, baba yako akasema si haki wewe kulala kwetu na wenzako wanalala bwenini. Tukakuhamishia bwenini. Yaani tulikuambia chumbani ndiko unakoweza kuita baba, kisha tukakutoa chumbani. Nimeliona hilo leo, mwanangu, nikiwa na ungo wa maharage. Miaka yote hii sikuwa nimeyaweka hayo mawili pamoja.

Halafu kuna mstari wa chakula. Unajua utaratibu wetu: mgeni kwanza. Aliyekuja jana anapakuliwa wa kwanza, aliyekaa siku nyingi anapakuliwa wa mwisho. Baba yako aliutunga yeye mwenyewe, ili mtoto aliyetoka kwenye njaa asiwe na wasiwasi kwamba chakula kitamwishia. Utaratibu mzuri kweli. Mtoto anaingia mbele, mwaka hadi mwaka anasogea nyuma, anajifunza kungoja, mwisho anahitimu na kuondoka. Wote walisogea wakaondoka. Ila wewe ulikuwepo tangu mwanzo kabisa, na hukuhitimu, maana utahitimu nini? Umesimama mwisho wa ule mstari tangu ukiwa mtoto wa meno ya maziwa.

Wenzako walikuita Ukoko. Nakumbuka Jumapili moja tumepika wali, Shafii akakutania mbele ya watu wote: "Jamani mwacheni Ukoko apite, kachakaa kwa kungoja! Wali wenyewe haumjui!" Na wewe ukamjibu, "Nyie kuleni huo mvuke, nguvu ziko chini ya sufuria." Bwalo zima likaangua kicheko. Mimi ndiye nilikuwa na upawa mkononi, na nilicheka kuliko wote. Nilikukwangulia ule ukoko nikakuwekea kwenye sahani, nikiwa najisifu moyoni kwamba mwanangu hana majivuno.

Nisameheane na nani kwa kicheko kile? Sijui. Nakuandikia tu ujue kwamba nakikumbuka.

Unakumbuka wale wageni waliokuja kutuletea mashine ya kuranda? Walikaa pale chini ya bati, tukawapa chai na mihogo. Mama mmoja miongoni mwao akamuuliza baba yako, "Na katika hawa, wako wa kumzaa ni yupi?" Baba yako akatabasamu. "Mtafuteni wenyewe. Mkimpata nitawapa kiti cha bure." Wageni wakaanza kupita mbele yenu wanawatazama nyuso kama watu wanaochagua viazi. Wakamchagua kijana mwingine, yule mrefu kutoka Mbinga. Wakamchagua mwingine tena. Wewe ulikuwa umesimama mikono nyuma, macho mbele, hukucheza hata ukope. Walipokata tamaa wakapiga makofi, wakasema hawajawahi kuona nyumba ya namna hii. Baba yako hakukuonyesha. Aliwasindikiza mpaka kwenye gari akarudi anacheka, akaniambia, "Umeona, Anatolia? Hawakumjua."

Jioni yake nilikukuta kisimani unajitazama ndani ya ndoo. Nikakuuliza unatafuta nini. Ukasema, "Hamna, Mama Mlezi." Nikakuambia haya fanya haraka, jikoni wanangoja maji.

Mwanangu, mtu anaweza kufanya kosa kubwa bila hata kuinua sauti. Anaweza kulifanya huku anasali kila siku, na watu wanampigia makofi. Nakuambia hivi kwa sababu huko uendako wewe utakuwa fundi kiongozi, vijana wengine watakuwa chini yako, na una roho ya kutaka kuwa mwenye haki kama baba yako. Usijihukumu kwa jinsi watu wanavyokusifia. Sisi tulisifiwa sana.

Niende makaburini sasa. Nimekuwa nikipazunguka.

Siku ile ya mazishi mvua ilikuwa inatishia tangu asubuhi. Vijana wa zamani walikuja kutoka kila mahali, wengine na wake zao na watoto mgongoni. Msemaji wa shughuli alikuwa mtu wa parokia ya jirani ambaye hakuijua nyumba yetu. Padre alipomaliza, yule msemaji akatangaza: "Sasa watoto wa marehemu wapite kuweka udongo."

Wakainuka wote. Sikushangaa, nilifarijika hata. Nilimwambia baba yako moyoni, Kosmas, tazama watoto wako. Wakajipanga wenyewe bila kuambiwa, kama walivyozoea: wageni mbele, wenyeji nyuma. Katoto kalikoletwa mwezi ule ule, ambako hata jina la baba yako hakakuwa kamelishika, ndiko kalitangulia kutupa udongo. Nami nikawa nalia kidogo, natazama mikono inapita. Ndipo ngurumo ikapiga na mvua ikaanza kwa matone makubwa. Msemaji akainua mkono. "Ndugu zangu, watoto ni wengi, nadhani inatosha. Tuwaruhusu wazee."

Nilikuona. Ulikuwa umebaki peke yako mwisho wa mstari, na udongo mkononi. Hukusogea mbele. Uliinama ukaurudisha ule udongo chini, taratibu, kama mtu anayerudisha kifaa cha watu mahali pake, ukajifuta mkono kwenye suruali. Kisha ukachukua mwavuli wa mtu ukamfunika bibi yako, mama yangu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mama mmoja kanishika bega hili na mwingine hili. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kusema, jamani, yule pale ni mwanawe, mpisheni. Nilifungua mdomo, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: wenzake watajisikiaje? Baba yako yuko ndani ya shimo na mimi bado nalinda utaratibu wake. Mpaka wanaume wakamaliza kufukia.

Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Wewe hukuliongelea, na mimi nikaogopa kuliongelea. Nikajidanganya kwamba pengine hukulijali. Leo mchana nimejua ulilifanyia nini. Ulilikubali.

Ila kuna jambo lingine ambalo hujalisikia, na ndilo lililonivunja miguu zaidi ya yote. Siku tuliyoondoa matanga, watu wamekwisha kutawanyika, Sixbert alibaki kunisaidia kurudisha masufuria ya jumuiya. Tukawa tunasugua pamoja pale nje. Nikamwambia, kwa kumsifia tu marehemu, kwamba yeye Sixbert ndiye chanzo cha wewe kutuita Mwalimu na Mama Mlezi. Nikamkumbusha ile jioni na yale maneno yake.

Akaacha kusugua. "Mama, ni kweli niliyasema hayo?"

"Uliyasema. Mwalimu hakulala siku ile."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Mama, lakini ile ilikuwa ni adabu yangu tu. Kwa mjomba ndivyo tulivyokaa. Watoto wake wanakula kwanza, mimi nangoja nyuma ya nyumba mpaka niitwe. Nilipomwona Gaude ana baba, nikajua kumbe na huku ni hivyo, nikatoka nikangoje. Sikuwa nimekasirika."

Nikamwambia, "Hukuumia?"

"Niumie nini? Nilikuwa napenda akiita baba. Tulikuwa tunapenda wote. Akianza kupiga zile kelele zake tunajua Mwalimu karudi, chakula kinakuja." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kilichonitisha ni alipoacha. Nilidhani Mwalimu amemkataa. Nikawa najiuliza, wa kwake kakosa nini? Na alipotolewa ndani akaletwa bwenini, nikasema, mimi si siku yoyote nitarudishwa kwa mjomba? Nilikojoa kitandani mwaka mzima, Mama, kwa hofu hiyo. Ulikuwa unaanika godoro langu wewe mwenyewe."

Ni kweli, nilikuwa nalianika. Nilidhani ni ugonjwa. Nilikuwa nampa dawa za mizizi.

Nilikaa pale chini na sufuria, Gaudensi. Mtoto alituonyesha adabu, sisi tukadhani ni kidonda. Hatukumuuliza hata swali la pili. Tukajenga nyumba nzima juu ya jibu la mtoto mwenye njaa, tukakutoa wewe ili yeye apone, na kutolewa kwako ndiko kulikomwogopesha. Wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningepumua.

Kama una nafasi ya kuchukua kitu kimoja kutoka kwangu, chukua hiki: uliza swali la pili. Mtoto akikuambia jambo likakuchoma, usikimbilie kutenda wema. Kaa naye. Muulize ana maana gani. Baba yako alikuwa mtu mwema aliyekuwa na haraka ya kutenda wema.

Usidhani hakukupenda. Nakuambia mambo ambayo mimi tu niliyaona. Kila usiku, kabla ya kulala, alizunguka bwenini na taa kuwaangalia vijana wote, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba akirudi alikuwa ananiambia habari za mmoja tu. "Gaude kajifunika vibaya, nimemrekebisha." "Gaude anakohoa." "Gaude leo kalala na kitabu kifuani." Mimi nauliza na wengine je, anasema, "Wazima." Na ile randa ya mti aliyokupa ukiwa mdogo, akasema ni ya kituo, haikuwa ya kituo. Aliichonga kwa mkono wake kwa kipimo cha kiganja chako. Alikupima ukiwa umelala, kwa uzi. Kisha akakupa mbele ya wote kwa sauti ile ile ya kumpa mtu yeyote. Nilipaswa kukuambia siku hiyo hiyo. Nilikuwa mke mtiifu kuliko nilivyokuwa mama.

Baada ya msiba wajumbe wa kamati ya kituo walikuita. Najua walichokuambia, nilikuwepo. Walisema mtoto wa marehemu ndiye ashike kituo. Ghafla ukawa mtoto wa marehemu. Ulitazama chini, ukasema, "Naomba niende kwanza nikafanye kazi za watu." Mjumbe mmoja akaguna, akasema vijana wa siku hizi hawana shukrani. Na mimi niliumia wakati ule, nikakuona mgumu. Leo nasema ulijibu vizuri. Ulipokuwa unataka kuwa mtoto hatukukuruhusu. Haiwezekani tukuite mtoto siku kazi imekosa mtu. Kituo nitakiangalia mimi na Shafii, na Sixbert atakuwa anakuja kufundisha. Kikisimama, sawa. Kisiposimama, watoto tutawatafutia pa kwenda mmoja mmoja, sitamwacha hata mmoja barabarani. Lakini wewe usirudi kwa ajili ya kituo. Ukirudi, rudi kunisalimia mimi.

Utaratibu wa mstari nimeuacha uendelee, kwa sababu wale wadogo kweli wana hofu ya kukosa chakula. Ila juzi nimemwita yule mdogo kabisa nikamuuliza angependa kuniita nani. Akafikiri sana. Akasema, "Bibi." Kwa hiyo mimi sasa ni bibi wa mtu mmoja, na wengine wanamcheka, na yeye hajali.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapa. Lakini Shafii amebisha hodi sasa hivi, na nikuandikie yaliyotokea kama yalivyo.

"Mama Mlezi, shikamoo. Samahani, unaandika."

"Marahaba. Sema."

"Ni kitanda cha Gaude. Yule mdogo bado analala na mwenzake, wanapigana mateke usiku kucha. Sasa kesho akishaondoka, nimpe randa aanze?"

Unajua alichokuwa anauliza. Kijana akiondoka, jina lake alilochonga kwenye ubao wa kitandani linarandwa siku hiyo hiyo, na anayeliranda ni mgeni atakayelala hapo. Ndilo somo lake la kwanza la kushika randa. Baba yako alisema hivyo mgeni anajua kwamba mahali hapa ni pake, na aliyeondoka anajua kwamba sasa ni mwanamume. Nimeona mbao zile zinakuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, sikuwahi kuwaza chochote. Leo Shafii aliposema "nimpe randa aanze," niliweka kalamu chini.

Nikamwambia, "Hapana. Ubao huo usiguswe. Mdogo mchongeeni kitanda kipya."

"Lakini Mama, Mwalimu alikuwa anasema..."

"Shafii. Gaudensi ni mwanangu. Mimi na Mwalimu ndio tuliomzaa."

Ndiyo mara ya kwanza nimelisema neno hilo kwa sauti ndani ya ua huu tangu ulipokuwa na miaka minne. Lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka, nadhani hata jikoni wamesikia. Nilijitayarisha kuona uso wake unaanguka, ule uso tuliouogopa miaka yote mpaka tukakuficha.

Shafii hakubadilika uso. Alijikuna kichwa, akatabasamu kidogo, akasema, "Tunajua, Mama. Siku zote tunajua. Ila nadhani mwenyewe ndo hajui."

Akafunga mlango polepole, akaenda.

Sasa na wewe umejua.

Mimi mama yako,
Anatolia